Sabuni nyeupe imeandikwa 72%: nifulie, niogee au nimwogeshee mtoto?

MamaMashati_Moshi
Habari zenu wakuu. Mume wangu ni mpagazi wa mlimani. Wiki iliyopita walishusha wageni Wafaransa, na mama mmoja alipokuwa anagawa vitu vyake pale getini akampa soksi nzito, tochi ya kichwani na jiwe la sabuni. Naliita jiwe kwa sababu ukiliangusha mguuni utalia. Ni la mraba, gramu 300, jeupe, halinukii chochote, limegongwa mhuri "72%" na neno Marseille.

Baba watoto anasema ni sabuni ya mche tu imevaa suti. Mimi nauza mashati ya mitumba Kiborloni. Jana nikachukua shati jeupe lenye ule mstari wa njano kwenye kola, nikalilowesha kwa maji ya uvuguvugu, nikasugua jiwe, nikaliacha kama nusu saa nikipika. Kupiga brashi kidogo, mstari umekwenda! Shati la buku tatu nimeliuza elfu sita.

Sasa naombeni ushauri. Hiyo asilimia 72 ni ya nini? Naweza kumwogeshea mwanangu wa miezi minane mwenye pumu ya ngozi? Na likiisha, hapa Moshi nitapata wapi la kufanana nalo?

Mangi_Mdogo
Yaani shemeji kapanda Kilimanjaro, kashuka na sabuni. Tipu iko wapi? Mkague mifukoni kwanza.

FundiSabuni_Ngaramtoni
Dada, mumeo hajakosea sana. Napika sabuni huku Arusha, kwa hiyo nivumilie nikieleza kwa kirefu.

Hiyo 72 ni mafuta. Katika gramu 100 za sabuni, 72 zimetoka kwenye mafuta. Kinachobaki ni magadi, maji na chumvi kidogo. Marseille ni mji wa bandari kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1688 mfalme wao, Louis XIV, alitoa amri kwamba sabuni ya huko ipikwe kwa mafuta ya mizeituni peke yake. Mpaka leo yenye mizeituni huwa na rangi ya kijani. Nyeupe kama yako kwa kawaida ni mawese na nazi. Mawese yanaipa ugumu, nazi inaipa povu.

Kwa hiyo usitafute neno la Kifaransa dukani. Tafuta mche uliopikwa kwa mafuta ya mimea, usio na manukato wala rangi, na uliokauka vizuri. Mche mbichi unaisha kama pipi. Ukinunua, utoe kwenye nailoni, uuweke juu ya kabati penye hewa wiki nne hadi sita. Na usiache sabuni ikae kwenye maji ya beseni, hapo ndipo hela yako inapoyeyukia.

Ukipata ya mtaani, igusishe ncha ya ulimi. Ikikupiga kama betri, magadi hayajaisha kazi yake. Hiyo usioge nayo.

Mwanakigoma
Mawese na magadi? Si gwanji hiyo jamani! Kigoma tumefulia na kuogea gwanji tangu utotoni, mkatucheka kwamba tunanuka mawese. Leo imegongwa mhuri, mnaomba ushauri.

MamaMashati_Moshi
@Mwanakigoma, samahani kaka. Mzigo wa gwanji ukija huku niambie.

NesiMstaafu
Mwanangu, suala la mtoto usilichanganye na la kola. Sabuni yoyote ya magadi, hata ingekuwa ya mfalme, ina ualkali, na ngozi ya binadamu ina asidi kidogo. Ngozi yenye pumu tayari ni kavu, ukiipaka hiyo itazidi kupasuka na kuwasha. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, dakika chache tu, usimsugue kwa dodoki. Mfute kwa kumgusagusa na taulo, kisha umpake mafuta mazito yasiyo na harufu akiwa bado na unyevu. Na bahati yako uko Moshi: pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha magonjwa ya ngozi ambacho madaktari wanatoka nchi nyingine kuja kusomea. Mpeleke.

Wewe mwenyewe mwenye ngozi nzima, oga nayo. Usoni ukiona inakubana, acha.

Kijana_wa_Sakina
Vipi masweta? Nauza ya sufu, na baridi hii ya Julai ndiyo msimu wangu.

FundiSabuni_Ngaramtoni
Usithubutu. Sufu na hariri haziwezi magadi, sweta litasinyaa na kukakamaa kama gunia. Tumia shampuu kidogo na maji ya baridi. Pamba ndiyo saizi yake: mashuka, nepi, mashati, taulo za jikoni. Hata masufuria yenye mafuta, sugua kitambaa kwenye sabuni kisha usugue sufuria.

MamaMashati_Moshi
Mrejesho. Mtoto tumempeleka KCMC leo, tumepewa mafuta ya kupaka na tarehe ya kurudi. Jiwe nimelikata kwa kisu cha moto vipande vinne, vitatu vya kola. Kimoja hakionekani tangu asubuhi. Namshuku baba watoto, maana soksi zake za mlimani ziko kambani na hazinuki.