Revit: tunasinki bila kosa, lakini faili kuu halibadiliki

nguzo_na_boriti
Wakuu habari. Timu ya watu watano, jengo moja, Revit 2024 (programu ya kuchora majengo), faili kuu (Central Model, la timu nzima) liko kwenye seva. Wiki hii folda ya mradi imehamishwa, na faili kuu likanakiliwa huko kwa copy na paste ya Windows. Wanne tunasinki (kupeleka mabadiliko yetu kwenye faili kuu) kama kawaida, ila faili la folda mpya limeganda kwenye tarehe ya zamani. Wa tano alilifungua la folda mpya, likatoka dirisha la onyo, akalifunga na kuendelea kuchora. Kazi inaenda wapi?

mlinzi_wa_modeli
Inaenda kwenye faili la zamani, ambalo bado lipo. Kila nakala ya kazi (local, ile anayochorea kila mtu) inakumbuka njia ya faili kuu lililoizaa, na kunakili kwa Windows hakubadilishi kumbukumbu hiyo. Lile onyo lilikuwa linasema hivyo hivyo: faili limenakiliwa, na lisiposeviwa upya kama faili kuu linageuka nakala ya kazi tu. Wa tano akisinki, kazi yake inaelekea kule kule kwa zamani.

Tengenezeni hivi, kwa mpangilio huu:
1. Wote watano wasinki, waachie kila kitu wanachoshikilia (vitu ambavyo Revit imewafungia wao tu kuvibadilisha), kisha wafunge Revit.
2. Mtu mmoja afungue faili la zamani akiwa ameweka tiki kwenye "Detach from Central" (kulitenga na faili kuu) na "Audit" (kulikagua kama lina hitilafu). Akiulizwa kuhusu worksets (makundi ya vitu vya modeli), achague kuzihifadhi. Akizitupa hazirudi.
3. Aliondoe lile faili lililonakiliwa, kisha Save As kwenye folda mpya. Ndani ya Options ahakikishe tiki ya "Make this a Central Model after save" ipo.
4. Asinki mara moja huku akiachia worksets zote. Hatua hii husahaulika sana, halafu wenzake wanakuta kila kitu kimefungwa kwa jina lake.
5. Faili la zamani libadilishwe jina na kupelekwa kwenye folda ya kumbukumbu (archive). Mwenye nakala ya zamani akijaribu kusinki, ataambiwa faili kuu halipatikani. Hilo ndilo kosa mnalolitaka.
6. Kila mtu aanze na nakala mpya.

mistari_sawa
Naongezea kwenye hatua ya 6. Kwenye dirisha la kufungua, bonyeza faili kuu mara moja tu, uangalie chini kama "Create New Local" ina tiki, ndipo ufungue. Nakala itakuwa na jina la faili likifuatwa na jina lako la mtumiaji. Ukiambiwa nakala ya jina hilo ipo, usiifute kabla ya kujua kama ina kazi ambayo haijasinkiwa. Chaguo la kuongeza tarehe na saa ni salama zaidi.

Halafu kagueni majina ya watumiaji kwenye Options. Kompyuta mbili zenye jina moja, mathalani "User", Revit inaziona kama mtu mmoja: wote wawili wanaruhusiwa kugusa ukuta uleule, na mmoja atakwama wakati wa kusinki.

mlinzi_wa_modeli
Kweli kabisa. Na msiweke faili kuu kwenye folda ya Dropbox au OneDrive. Huduma hizo hazijui nani ameshika ukuta gani, zinaona faili zima tu, kwa hiyo zinazalisha nakala pacha.

Jihadharini pia na "Restore Backup" (kurejesha toleo la nyuma la modeli). Ukichagua "Rollback", matoleo yote yaliyofuata yanafutika na hakuna kurudi nyuma. Tumia "Save As" ya dirisha hilohilo, utoe toleo la zamani pembeni ulikague kwanza.

nguzo_na_boriti
Nimewaelewa, asanteni. Mmoja wetu ameshaondoka likizo na ameshikilia ngazi zote. Hatua ya 1 tunafanyaje?

mistari_sawa
Mpigie kwanza umuulize kama ana kazi ambayo hajasinki. Kama hana, mtu mwingine atoke kwenye akaunti yake ya Autodesk, aandike jina la mtumiaji la huyo wa likizo herufi kwa herufi, atengeneze nakala mpya, asinki akiachia vyote, kisha arudishe jina lake. Kama anayo, msubirini: mkiziachia ngazi kwa jina lake, alichochora kwenye nakala yake hakitaingia tena.