Mafundi wa visu Nairobi, bitana zenu zinabanduka na sababu mnaijua

Msasa80

Wadau, huu ni upuuzi sasa. Kisu cha mkono kinauzwa kwa maelfu, mpini wa mzeituni unang'aa, kati ya mbao na chuma kuna ule mstari mwekundu wa bitana, kipande chembamba cha kupamba, unaopendeza pichani. Mwezi haujaisha, mstari umefunguka pale mbele, karibu na makali. Ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele, lakini mafuta ya nyama na maji ya sinki yanapenya. Chuma chenyewe ni springi ya lori, hakichelewi kushika kutu. Kutu inaota chini ya mpini, inasukuma bitana nje, kwisha. Ukiuliza, unaambiwa "ulikiloweka". Kisu cha jikoni kisioshwe?

Gundi kwanza. Supagluu ikikauka haina mnyumbuko: kisu kikianguka sakafuni, kiungo kinakatika. Epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili, ya dakika 5 ina nafuu, ila maji huishinda mapema. Tumieni ya saa 24, na mpime kama chupa inavyosema, acheni kukadiria kwa jicho. Tena usiku wa Julai hapa baridi hushuka hadi karibu nyuzi 12, kwa hiyo kazi ya msimu huo ikae kwenye klampu siku mbili au zaidi.

Halafu bitana yenyewe. Kuna watu wanakata jalada la faili! Plastiki ile kwa kawaida ni polipropilini, epoksi haiishiki hata uombe dua. Faiba nyekundu, jamii moja na washa za bomba, inashika gundi vizuri sana lakini inanyonya maji na kuvimba. Hiyo ni ya kisu kisichoingia sinki. Cha jikoni kiwekeeni G10, bamba la nyuzi za kioo na epoksi, ya milimita 0.8 hadi 1. Nayo inakuja na uso laini, kwa hiyo ikwaruzwe pande zote mbili kwa msasa namba 80 mpaka mng'ao uishe, ifutwe kwa asetoni, isiguswe tena kwa vidole. Asetoni halisi, maana ile ya kutoa rangi ya kucha mara nyingi imetiwa mafuta.

JiriwaKuu

Umesahau kosa kubwa kuliko yote: kukaza. Fundi anapaka gundi vizuri, kisha anabana kwenye jiriwa kwa nguvu zake zote. Gundi yote inatoka pembeni, ndani panabaki pakavu. Klampu ndogo za springi zinatosha. Kama vibao, zile mbao mbili za mpini, havikutani mpaka uvilazimishe, basi havijanyooka: weka msasa juu ya kioo, usugue, vishike pamoja uviangalie kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita, rudi kwenye kioo.

Na bitana ibandikwe kwenye kibao kwanza, ikauke, ndipo utoboe. Ukitoboa bitana peke yake, keekee inainyanyua na kuichana. Tundu la pini, kile kijiti kinachopita mpini na chuma, liwe milimita 3.1 kwa pini ya 3. Pini ya kugongwa kwa nyundo inapasua mbao.

FundiKamukunji

Ndugu zangu, mnasema kirahisi. Mteja analeta chuma Jumatatu, anakitaka Jumatano, bei anakata nusu. Hizo saa 24 mara mbili nani analipia?

Msasa80

Bwana fundi, mwambie hakuna bitana. Mpini bila bitana si dhambi. Dhambi ni kumwekea mtu mapambo ya kuanguka kisha umtoze nyongeza.

Na ile sehemu ya mbele ya vibao mnaimaliza lini? Imalizeni kabla ya kubandika, msasa hadi 400 au 600, vibao vyote viwili vikiwa vimeshikanishwa kwa pini za muda ili vilingane. Mkishabandika hamwezi kufika pale bila kukwaruza bapa la kisu. Ndiyo maana visu vingi vina gundi iliyogandia hapo kama makamasi. Gundi iliyofurika ifutwe kwa kitambaa na asetoni ikiwa bado mbichi.

JiriwaKuu

Nyongeza kwa wenye mashine ya mkanda wa msasa: sugueni bila glavu. Mpini ukichoma kiganja, epoksi nayo inalainika na bitana inaanza kuhama. Chovya kwenye maji, pumzisha. Bitana nyeusi kwenye mbao nyeupe, pulizeni vumbi kila mnapobadili msasa, la sivyo weusi unaingia kwenye vinyweleo vya mbao na hautoki. Vumbi la G10 ni la kioo, vaeni barakoa ya kuchuja vumbi, si kitambaa. Mbao mbichi je? Hilo hata sianzi. Ikisinyaa, bitana inabaki imetokeza, unaisikia kwa kidole.

FundiKamukunji

Sawa, nimewasikia. G10 ya milimita 0.8 mnaipata wapi mjini, au ni kuagiza tu?