Shaw na Ellen Terry waliandikiana miaka yote ile bila kuonana, barua zao ni za mapenzi au za kazi?

Pazia Jekundu

Wakuu za jioni. Nasoma sanaa za maonyesho mwaka wa pili, na ticha katupa kazi ya barua za watu wa tamthilia Uingereza enzi za Malkia Victoria, kila mtu achague watu wake. Mi nikaenda kwa Ellen Terry kwa sababu rahisi tu, ndo alicheza Portia kwenye ukumbi wa Lyceum London mwaka 1879, mwenye kampuni pale Henry Irving akiwa Shylock, yaani mchezo ule ule wa Mabepari wa Venisi aliotuwekea Mwalimu kwa Kiswahili, nikajua hapa niko nyumbani. Kumbe najipeleka porini. Nimefika kwenye barua zake na mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw nimekwama kabisa, hawa watu wameanza kuandikiana 1892, ikakolea kuanzia 1895 mpaka 1900, ni mahaba mwanzo mwisho, halafu kumbe muda wote huo hawajawahi hata kupeana mkono! Wanakuja kukutana Desemba 1900. Na si kwamba mmoja alikuwa Bombay, wote wako London, Shaw mwenyewe anasema kutoka mlango wake mpaka kwa Ellen ni dakika 20.

Sasa ticha anataka tutenganishe barua binafsi na barua za kikazi kwenye majedwali mawili, na mimi kila barua nikiishika naona inaingia kote kote. Mnanishauri nini?

Kobe wa Pwani

Jamaa anachati na staa mkubwa kuliko wote Uingereza kwa stempu ya peni moja, aende kuonana naye ili iweje 😂

MamaMaktaba

Mdogo wangu, mwambie ticha wako hayo majedwali hayatasimama. Angalia tu walivyoanza. Ellen hakumwandikia Shaw, alimwandikia mhariri wa gazeti la The World, Edmund Yates, akimwombea rafiki yake mmoja mwanamuziki, na mhariri akaisukuma ile barua kwa Shaw kwa vile ndiye alikuwa mhakiki wake wa muziki. Kwa hiyo barua iliyozaa mahaba yote hayo ni ya kumtafutia mtu koneksheni.

Halafu weka tarehe mezani. Januari 1895 Shaw anaanza kuhakiki tamthilia kwenye Saturday Review, na mwaka huo huo anaandika igizo fupi la Napoleon, The Man of Destiny, anataka Lyceum ilichukue, Irving awe Napoleon na Ellen awe yule mwanamke. Nani wa kulisukuma kutokea ndani? Ellen. Na hapo ndo barua zinarefuka na kuwa tamu. Sisemi alikuwa anamlaghai, mi naamini alimpenda kweli kwa namna yake, ila mtu anayekusifia huku skripti yake iko kwapani lazima umsome kwa macho yote mawili.

Ukitaka sehemu moja ya kuchimba chukua Septemba 1896. Lyceum inaandaa Cymbeline ya Shakespeare, Ellen ni Imogen, na kuna ile sehemu ngumu Imogen anaamka usingizini anajikuta amelala pembeni ya maiti isiyo na kichwa, anadhani ni mumewe. Shaw anamwandikia kurasa kwa kurasa juu ya hapo tu, mistari gani aikate, utambuzi umwingie taratibu asionekane anajua kabla ya wakati, yaani anamwongoza mazoezi kwa posta. Ellen naye anajibu kama fundi, anachukua hili anaacha lile. Onyesho linafunguliwa tarehe 22, na siku chache baadaye Shaw huyo huyo anakaa chini anaandika uhakiki wa onyesho hilo hilo gazetini! Anamponda Shakespeare, anamkaripia Irving kwa jinsi alivyokatakata mchezo, na wasomaji hawajui kwamba mhakiki alikuwa kocha wa mwigizaji kwa siri. Sasa barua hizo utaziweka jedwali gani?

Otis_KSM

Na huyo Irving alikuwa anajua haya yote? Maana si ndo alikuwa bosi wake Ellen, na watu wanasema walikuwa zaidi ya bosi na mfanyakazi.

MamaMaktaba

@Otis_KSM alijua wanaandikiana, hakujua kila kilichomo. Shaw hakuficha hasira zake kwa Irving, alikuwa anamwona anamfungia Ellen kwenye Shakespeare wa kukatwakatwa na michezo ya kizamani wakati Ibsen, yule Mnorwei wa tamthilia za kisasa, yuko sokoni. The Man of Destiny ikakaa Lyceum muda mrefu, ndiyo haisemwi hapana haisemwi. Desemba 1896 Irving akafungua Richard III, Shaw akaandika uhakiki ambao watu wa Lyceum waliusoma kama anadokeza Irving alipanda jukwaani amelewa, na masika ya 1897 igizo likarudishwa. Barua za Ellen za kipindi hicho zinatia huruma, yuko katikati anajaribu kuwapoza wote wawili, na hapa kazi na moyo havitenganishiki hata kwa panga.

Fundi Taa

Nyongeza kwa mleta uzi, maana hapa wengi wanateleza. Ukishika barua ya Irving usidhani umeshika mkono wa Irving. Pale Lyceum kulikuwa na Bram Stoker, ndiyo, yule yule wa Dracula, alikuwa meneja wa Irving tangu 1878 mpaka Irving alipofariki Oktoba 1905, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kujibu barua, waigizaji wanaotafuta kazi, waandishi wanaotuma michezo, wakubwa wanaotaka viti. Kwenye kumbukumbu zake za 1906 anakadiria aliandika kama nusu milioni kwa niaba ya bosi. Gawanya kwa miaka 27 utapata kama 50 kwa siku, Jumapili zikiwemo. Mi naona kaongeza chumvi kidogo lakini hata ukiipunguza nusu bado ni balaa, na hapo hapo Dracula aliipatia wapi nafasi sijui.

Na Stoker hakuwa peke yake, kulikuwa na L. F. Austin pia aliyekuwa anamtungia Irving maneno, zikiwemo barua zile za ukali kwa Shaw. Kwa hiyo kwenye ugomvi ule upande mmoja anaandika Shaw mwenyewe, upande wa pili anaandika karani mwenye kalamu kali na Irving anasaini. Ticha akikuuliza hiyo ni binafsi au kikazi mwambie hata mwenye sahihi sijui angejibuje.

Binti Sauti

Mimi kinachoniudhi kwenye mada hizi ni staa tu, staa tu. Waigizaji wa kawaida je? Kampuni zilikuwa zinazunguka mikoani kwa treni, wiki huu mji, Jumapili mnapakia mnaenda mwingine, na barua ndo ilikuwa maisha yenyewe. Unamwandikia mama mwenye nyumba wa mji unaokuja akuwekee chumba, unajibu tangazo la kazi kwenye The Era lile gazeti la watu wa tamthilia, ukifika ukumbini jambo la kwanza unachungulia kwenye mlango wa waigizaji kama kuna bahasha yako. Nyingi za hizo zimeishia jikoni kuwashia moto, nani atunze barua ya kuomba chumba? Za Ellen zimebaki kwa sababu kila aliyepata mstari wake aliuficha kabatini. Weka hata aya moja ya hao wengine kwenye kazi yako.

Otis_KSM

Binti Sauti hapo umenena. Mi niongeze Gilbert na Sullivan, wale wa opera za kuchekesha kwenye ukumbi wa Savoy, Gilbert wa maneno, Sullivan wa muziki. Hawa hakuna mahaba kabisa, ni biashara, na bado barua zao zina vidonda kuliko za wapenzi. 1884 Sullivan anaandika amechoka na hadithi za uchawi uchawi, Gilbert anajibu kama mtu aliyetukanwa, zinakwenda barua zinarudi hadi Gilbert anakuja na wazo la The Mikado, 1885, na ndo ikawa kubwa kuliko zote. Halafu 1890 wanagombana tena, safari hii hesabu za maandalizi ya The Gondoliers, ndani yake kuna gharama ya zulia jipya la ukumbi, Gilbert anaona meneja wao Carte anamkata pesa isiyomhusu, Sullivan anasimama na Carte, wanafika mahakamani. Zulia jamani! Ukisoma zile barua unaona wala siyo zulia, ni miaka ya nani anamheshimu nani.

Kobe wa Pwani

Ila mnamfanya Ellen kama alikuwa mtoto anachezewa. Mwanamke alikuwa anaingiza pauni 200 kwa wiki, hakuwa na shida na mtu.

MamaMaktaba

Kobe leo umeongea la maana 😄 Ellen alikuwa anamzidi Shaw miaka tisa, ameshaachika, amelea watoto wawili nje ya ndoa katika Uingereza ile, mtu kama huyo humfundishi maneno matamu. Shaw alipoanza kumweleza habari za yule bibi tajiri wa Kiayalandi, Charlotte, na kumuuliza kama amwoe, Ellen hakununa, alimshauri kama dada mkubwa, asioe kama hampendi. Walioana kweli 1898. Na Shaw alipomwandikia mchezo wake kabisa, Captain Brassbound's Conversion, 1899, Ellen alimjibu wazi kwamba huo haumfai yeye, ampe mwigizaji mwingine, Mrs Patrick Campbell. Shaw aliumia. Ellen akaja kuucheza 1906, na mwaka uliofuata akaolewa na kijana mmoja wa kwenye mchezo huo huo, James Carew, yeye ana 60! Kwa hiyo nani alikuwa anamtumia nani, mi siwezi kuapa.

Pazia Jekundu

Aisee nimepata zaidi ya nilichoomba. Nimeamua nafuta majedwali, nachukua Septemba 1896 peke yake, barua upande mmoja na ule uhakiki wa gazetini upande mwingine, na aya ya Binti Sauti itakuwepo. Ticha akikataa nitampa link ya huu uzi. Swali la mwisho, kitabu cha barua zao kilitoka 1931, naanzia wapi maana ni kinene?

Fundi Taa

Ruka dibaji. Ellen alifariki 1928, barua zikatolewa binti yake Edith akiwa anasimamia mali, Shaw akaandika dibaji ndefu ya kutueleza wote mapenzi yale yalikuwa nini, na Gordon Craig, mtoto wa kiume, alikasirika mpaka akatoa kitabu chake mwaka huo huo kumjibu. Anza na barua za Ellen za Septemba, soma za kwake tu mfululizo, ndo urudi kwa Shaw. Dibaji iwe ya mwisho, ukiwa umeshajua unapotaka kumbishia.