Daraja la kwanza pointi 7, Muhimbili ataingia? Naomba ushauri

Mjomba wa Konde
Assalaam alaykum wanajamvi. Mtoto wa dada yangu kapata daraja la kwanza, pointi 7, kidato cha sita mwaka huu. Nyumba nzima hapa Konde tushaanza kumwita daktari. Anataka udaktari wa binadamu, na Chuo Kikuu cha Muhimbili, si kwengine. Udahili ushafunguliwa. Nafasi yake ikoje? Nambieni kweli, usingizi sipati.

Karafuu Kavu
Waalaykum salaam. Hongereni. Sifa ya chini ya udaktari ni pointi 6 za TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwenye Fizikia, Kemia na Baiolojia. Hizo zinakupa haki ya kuomba tu. Muhimbili waombaji ni wengi kuliko nafasi, na wanachukuliwa kwa ushindani wa alama, kwa hiyo mwenye 6 asiweke matumaini yote hapo. Taja alama za kila somo, pointi tupu hazitoshi.

Bint Micheweni
Mimi niseme la mkopo, kwa sababu ndilo linalowakwamisha watoto wetu. Akiomba bodi ya mikopo ya Bara, cheti chake cha kuzaliwa kinahakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii huku Zanzibar. RITA, wakala wa usajili wa Bara, ni ya waliozaliwa Bara. Tizameni na majina. Cheti cha kuzaliwa kikiandikwa Abdalla na cha kidato cha nne Abdallah, hiyo herufi moja inaweza kukuzungusha. Warekebishe sasa. Ipo na Bodi ya Mikopo ya Zanzibar, waiangalie pia.

Mzee wa Mtambile
Mimi nauliza, anayetaka udaktari ni mtoto au ni nyinyi wakubwa? Watoto tunawavisha koti jeupe hata hawajaulizwa. Muulizeni kwanza, tena peke yake, mjomba asiwepo.

Mjomba wa Konde
Mzee wangu, anataka mwenyewe, tangu darasa la tano. Alama ni hizi: Baiolojia B, Kemia B, somo la tatu C. Kwa TCU nimehesabu 11. Nyingi hizo au si nyingi?

Ngalawa
Hii chai, uongo mtupu. Asubuhi pointi 7, jioni 11, na somo la tatu halina jina. Mtu na mtoto wake wa dada anashindwa kutaja somo? Wanajamvi msipoteze bando, huyu kaja kutupima.

Karafuu Kavu
Ngalawa, hesabu yake ni sahihi. NECTA, Baraza la Mitihani, wanapanga daraja kwa A=1, B=2, C=3, D=4, E=5, na pointi zikiwa chache ndiyo vizuri. TCU wanageuza: A=5, B=4, C=3, D=2, E=1. Kila alama ukiijumlisha kwa mizani zote mbili unapata 6, basi masomo matatu lazima yafike 18. 7 na 11 ni 18. Mtu wa kubuni hesabu hii asingeipatia kwa bahati.
Lakini la pili umesema kweli. Mjomba, somo la tatu lipi?

Mjomba wa Konde
Jografia. Kasoma CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jografia. Skuli aliyopangiwa mwalimu wa Fizikia hakuwapo, na tukaambiwa ukiwa na Baiolojia na Kemia udaktari unaingia. C ni C, jamani.

Ngalawa
Basi naondoa neno la chai. Lakini hapo hapana udaktari, mjomba.

Karafuu Kavu
Kwa CBG hiyo hapati udaktari wa binadamu, Muhimbili wala chuo chengine chochote Tanzania. Hata angekuwa na A tatu. Fizikia ni sharti, na mfumo wa maombi hautomhurumia.

Mjomba wa Konde
Nalijua hilo, ndiyo maana nishachukua hatua. Atafanya Fizikia mtihani wa Mei kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tuisheni Chake nishalipa nusu na chumba kashapata. Nilitaka kujua tu kama Muhimbili watamkubali akishaipata.

Bint Micheweni
Umelipa kabla ya kuuliza! Waandikie ofisi ya udahili barua pepe, uulize kama wanapokea matokeo ya vikao viwili vya mtihani yakiunganishwa, wakujibu kwa maandishi. Hiyo nusu iliyobaki ikae mfukoni mpaka jibu lije.

Karafuu Kavu
Na Fizikia yenyewe si ya kuisoma kwa miezi michache. Ina karatasi tatu. Mbili za nadharia: mekaniki, joto, mawimbi, umeme na sumaku, elektroniki, atomu. Ya tatu ni ya vitendo, na hapo ndipo wa tuisheni wanapoanguka: hajawahi kushika daraja la mita, kile kifaa cha kupimia ukinzani wa umeme, hajui kuchora grafu ya kupoa kwa maji na kutoa mteremko wake. Lazima awe na kituo chenye maabara, si chumba cha tuisheni chenye ubao. Usajili nao hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani. Akipata S, yaani 35 mpaka 39, haihesabiki kuwa ufaulu kamili. Anahitaji D, yaani 50 na kuendelea, na kwa Muhimbili zaidi ya hapo.
Kidato cha nne alipata nini?

Mjomba wa Konde
Fizikia D, Kemia B, Baiolojia B, Kiingereza C.

Karafuu Kavu
Basi njia ipo: stashahada ya utabibu, miaka mitatu. Inaingiwa kwa matokeo ya kidato cha nne: ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, na D zinatosha. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wanayo pale Mbweni. Akimaliza na wastani wa B, au GPA isiyopungua 3.0, anaomba udaktari hata Muhimbili, na Fizikia ya kidato cha sita haulizwi. Watamtizama kidato cha nne: D katika Kemia, Baiolojia, Fizikia, Kiingereza na Hesabu.
Hesabu hukuitaja.

Mzee wa Mtambile
Miaka mitatu, kisha mitano, kisha mmoja wa mafunzo ya vitendo. Ndiyo nikasema aulizwe mwenyewe. Sokoine kule Morogoro CBG yake inamfungulia kilimo mwaka huu huu.

Mjomba wa Konde
Kilimo hataki, nishamuuliza. Hesabu F.

Karafuu Kavu
Hiyo inatibika. Stashahada ataingia bila ya Hesabu, kisha arudie somo hilo moja, mtihani wa Novemba, akiwa chuoni. Hakuna maabara, na D inaanza na 30. Mwambie mwalimu wa Chake ile nusu uliyolipa aihamishie Hesabu.

Mjomba wa Konde
Kesho nashuka Chake. Matokeo ya kidato cha nne niende na nakala ngapi?