Tupeane uzoefu: sabuni yako ya kwanza ya kutengeneza nyumbani ilikufanya nini?

Mama Tausi
Wakuu, habari za jioni. Naandika huku natazama ndoo yangu. Ndani yake kuna mwiko umesimama wima wenyewe, hakuna aliyeushika.

Nilitaka sabuni ya nazi yenye harufu ya karafuu. Mambo yalikwenda vizuri kabisa: mafuta nimepasha kidogo, maji ya kostiki (yale magadi makali yanayogeuza mafuta kuwa sabuni) yamepoa, nikakoroga mpaka ikawa kama uji wa mtoto. Nikasema sasa manukato. Nikamimina mafuta ya karafuu vijiko vitatu, maana mimi na harufu tunapendana. Sijahesabu hata kumi, mwiko ukagoma. Kalibu zangu nzuri za maua ziko mezani zinanitazama.

Nimekumbuka na ile ya kwanza kabisa mwaka juzi, iliyonitoa ngozi ya vidole. Nikaona siwezi kuwa peke yangu. Haya, leteni zenu.

Binti wa Chake
Pole shoga, lakini nimecheka. Karafuu ndiyo tabia yake hiyo. Sisi tumezaliwa nayo uwanjani, tunaijua. Ukiitia kwenye sabuni inaganda hapo hapo. Mdalasini nao ni mtu na ndugu yake. Tia kidogo mno, mwisho kabisa, na kalibu ziwe karibu ya mkono. Tena ikizidi huwasha ngozi, vijiko vitatu ulikuwa unataka kumwogesha nani?

Mama Tausi
Mume wangu 😂

Kijukuu
Naweka kambi hapa.

Mpima Gramu
Usiitupe. Ikatekate, weka kwenye sufuria la chuma kisichoshika kutu na maji kidogo, moto mdogo, ifunike. Italainika, uishindilie kwenye kalibu. Haitakuwa nzuri wa sura ila inaoga.

Mama Sufuria
Huyo mkuu hapo juu aliposema "sufuria la chuma kisichoshika kutu" nimesikia moyo umeruka. Ngoja niwape yangu, na jina langu humu linatokana na hiyo habari.

Mwaka 2019 nilihudhuria semina ya ujasiriamali ya siku moja, elfu kumi na soda juu. Mwalimu simtaji. Alionyesha kwa ndoo ya plastiki, sasa mtu mmoja akauliza, kama ndoo sina? Akajibu, chombo chochote mama, ujasiriamali ni kutumia ulichonacho. Mimi nilichokuwa nacho ni sufuria la pilau la kikundi chetu, lile kubwa la alumini, lilikuwa kwangu kwa sababu tumetoka kwenye arobaini ya jirani.

Jumamosi asubuhi nikaweka maji lita mbili, nikamwaga kostiki kilo nzima. Pembeni yangu jiko la mkaa na maharage. Kwanza likatulia. Nikasema mbona rahisi. Halafu likaanza kusema *shiii*, kama chapati ikiguswa na maji. Povu likapanda, na si jeupe wakuu, ni la kijivu linakwenda kwenye weusi. Joto lake nikalisikia usoni nikiwa nimesimama. Mvuke ukanikaba koo, nikakohoa mpaka machozi. Sufuria linachemka na moto hakuna! Nikafunga kitenge mikononi, nikalinyanyua kwa masikio yake kupeleka uani. Kufika mlangoni naona nyayo zangu zinafuatwa na matone. Linavuja. Nikaliweka chini nikakimbia.

Lilipotulia jioni nililiinua juani. Wakuu, kitako chake chote vitundu vitundu, ungeweza kuchekecha unga. Sakafu ya sementi imebaki na alama nyeupe mpaka nilipohama. Na sufuria nililipa, elfu themanini kwa awamu, na kila kikao mhazini alikuwa anasoma deni langu kwa sauti.

Kijukuu
"Alisoma deni kwa sauti" 😂😂 dah.

Mpima Gramu
Mama, bora ulipe sufuria. Kostiki inakula alumini, na wakati inakula inatoa haidrojeni, ile ni gesi inayowaka. Wewe ulikuwa nayo pembeni ya jiko la mkaa. Hapo ni Mungu tu.

Plastiki nzito inayohimili joto au chuma kisichoshika kutu, basi. Na kostiki ndiyo inaingia kwenye maji kidogo kidogo, kamwe usimwage maji juu ya kostiki, itakurukia. Hata ukifuata utaratibu maji yanaweza kukaribia kuchemka yenyewe.

Mama Sufuria
Maharage sikuyala.

Asilia Tupu
Ndiyo maana mimi nasema hizi si sabuni za asili. Kostiki ni dawa ya kuzibulia masinki, mnaipaka watoto. Asili haina kemikali.

Mpima Gramu
Unatumia sabuni gani?

Asilia Tupu
Natengeneza mwenyewe. Nanunua kipande cha sabuni kimeshatengenezwa, nayeyusha, naweka manjano na mshubiri. Haina kostiki.

Binti wa Chake
Sasa hicho kipande kilichotengenezwa kilitengenezwa na malaika?

Mpima Gramu
Hakuna sabuni isiyopitia magadi makali ya aina fulani. Mafuta na kostiki vikishikana vinakuwa kitu kingine, sabuni na gliserini. Ukipima sawasawa kostiki inaisha yote. Yako ilishatiwa na mtu mwingine, wewe umeongeza manjano tu. Si dhambi, ila usitucheke.

Asilia Tupu
Sijamcheka mtu. Nimetoa maoni. Humu kila mtu amekuwa mkemia.

Mzee wa Ndizi
Wanangu msigombane. Bibi yangu kule Kagera alikuwa anachoma majani makavu ya migomba na maganda ya ndizi, majivu yake anatia kwenye chungu kilichotobolewa chini, anamwagia maji taratibu. Yanayodondoka ni ya rangi ya chai. Anaweka yai. Likizama, anayarudisha kwenye majivu. Likielea na kuonyesha kichwa, anaanza kupika na mafuta ya ng'ombe. Ile nayo ilikuwa inachoma mikono, msidhani majivu ni maziwa. Sabuni yake haikuwa ngumu, ni ya kuchota kwa kidole, imetulia kwenye kibuyu.

Nawakumbusha pia, miaka ya 80 mwanzoni sabuni ilipoadimika nchi nzima tulifulia majani ya mpapai. Mashati meupe ya shule yakawa na rangi ambayo haina jina.

Mama Tausi
Mzee shikamoo. Mama yangu naye husimulia hiyo ya mipapai.

Mpima Gramu
Shikamoo mzee. Na ndiyo sababu ya ulaini: majivu yanatoa magadi ya potasiamu, sabuni yake inakuwa rojo. Kostiki ni ya sodiamu, ndiyo inatoa mche mgumu.

Goba Juu
Nyie mnaungua vidole. Mimi nilikamatwa.

Kijukuu
???

Mama Sufuria
Kukamatwa na nani? Kaka usituache hivyo.

Goba Juu
Nilikuwa nimehamia mtaa mpya, miezi miwili. Kazini natoka saa mbili usiku, kwa hiyo sabuni nilikuwa natengeneza usiku, uani, kwa sababu ya mvuke. Sasa mpige picha mtu: saa tano usiku, barakoa, miwani mikubwa ya fundi wa kuchomelea, glavu mpaka kwenye kiwiko, taa ya kichwani, pipa dogo la plastiki linafuka moshi, na mimi nakoroga. Ukutani chupa tupu nimezipanga. Jirani alipanda kwenye stuli akachungulia. Hakusema kitu, akashuka.

Baada ya nusu saa geti linagongwa. Mjumbe, mgambo wawili, na jirani mwenyewe amejificha nyuma ya shuka. "Tumepata taarifa unapika gongo."

Ngoja kuna mteja, narudi.

Kijukuu
Ametuacha kwenye mataa huyu.

Mama Tausi
Wakati tunamsubiri: kostiki ikikurukia mkononi, ni siki au si siki? Mimi ile mara ya kwanza niliambiwa siki, nikaimwaga nikaona nyota.

Mke Halali
Siki ndiyo yenyewe. Inaua ukali.

Mpima Gramu
Maji! Maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20 mfululizo, huku unavua nguo iliyoloa. Siki na kostiki zikikutana zinatoa joto jingine juu ya kidonda, na unapoteza muda kutafuta chupa yake. Jichoni ni maji hayo hayo, halafu hospitali, usisikilizie.

Mke Halali
Mimi nimetumia siki miaka minne na ngozi yangu hii hapa.

Binti wa Chake
Siki ni ya achari bibie.

Mke Halali
Sawa daktari wa Chake.

Goba Juu
Nimerudi. Nikawaambia ni sabuni. Mjumbe akasema, sabuni ya saa sita usiku? Nikasema basi nuseni. Wakanusa. Nilikuwa nimeweka mafuta ya mchaichai, harufu nzuri, wakazidi kushuku, eti gongo ya kisasa. Sasa mgambo mmoja, mnene, anaonekana mzoefu wa mambo, akasema mimi hii kitu naijua kwa ulimi. Nikapiga kelele USIONJE. Nadhani ndiyo nikaharibu, akaona naficha ushahidi. Akachovya kidole akalamba.

Mama Sufuria
Mungu wangu.

Goba Juu
Uji ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kuwa mzito, kostiki bado mbichi. Yule bwana aliruka. Alitoa ulimi nje akawa anaupepea kwa kofia. Nikamvuta mpaka bombani, suuza tema, suuza tema, mjumbe anasema "amemuwekea sumu, amemuwekea sumu." Jirani kashatoweka na shuka lake. Tukaenda zahanati kwa bodaboda watatu mshikaki. Nesi akamwangalia, ulimi umebabuka juu juu, akauliza umekula nini? Kimya. Mjumbe ndiye aliyejibu: "Sabuni."

Nililipa zahanati, nikampa na hela ya maziwa. Wiki mbili alikuwa anaongea kama ana pipi mdomoni. Mpaka leo nikipita kijiweni kuna anayeuliza, "Mpishi, imeiva?"

Kijukuu
Nimecheka nimemwamsha mtoto.

Mama Tausi
Na sabuni yenyewe?

Goba Juu
Niliporudi saa tisa ilikuwa imegandia kwenye pipa. Nililipasua kwa shoka.

Mpima Gramu
Kuchekesha kando. Hiyo ya ulimi watu huitumia kweli, lakini kwenye kipande kilichokwishakaa siku kadhaa: unagusa tu kwa kidole chenye maji kisha ncha ya ulimi. Ikikupiga kama betri ya redio, kostiki imezidi. Na jamani, maji ya kostiki msiyaweke kwenye chupa za maji ya kunywa hata kwa dakika moja. Mtoto akimeza usimtapishe, kimbia hospitali, ikirudi inachoma mara ya pili.

Tanga Raha
Mimi yangu ni fupi. Nilifuata kipimo cha mtandaoni, kilo ya mafuta ya nazi, kostiki gramu 174. Nikafuata kabisa. Sabuni ikatoka inakwangua, ukioga unajikuna hadi usiku. Nikamlaumu muuza kostiki.

Mpima Gramu
Mafuta ulipima kwa kifaa gani?

Tanga Raha
Chupa ya lita. Lita si kilo?

Mpima Gramu
Hapo ndipo wengi tunapozama. Lita ni kilo kwa maji. Mafuta ya nazi lita moja ni kama gramu 920. Kilo ya nazi inakula kostiki gramu 183 hivi, tunapunguza asilimia tano ili mafuta kidogo yabaki kwa ajili ya ngozi, ndiyo hiyo 174. Lakini kwa gramu 920 mwisho wake ni 168. Wewe ukaweka 174. Kostiki yako gramu sita hazikupata mwenza.

Na kila mafuta yana chake. Mawese kilo inakula 142 hivi, alizeti ni 135. Mtu akikupa kipimo kimoja cha mafuta yote, mkimbie.

Tanga Raha
Kumbe nilimtukana muuza kostiki bure.

Binti wa Chake
Mtafute umwombe radhi. Na nyote mnasahau kungoja. Mie sabuni yangu ya mwani naiweka kwenye rafu ya miti, upepo upite, wiki nne mpaka sita. Ya wiki moja inaisha bafuni kama sukari.

Mke Halali
Mimi natumia siku ya tatu.

Binti wa Chake
Na siki?

Ndugu Mgeni
Habarini, nimeingia sasa hivi, sijasoma kurasa zote. Nina mawese kutoka Kigoma lita tano na kostiki nusu kilo. Nichanganye yote?

Mpima Gramu
Lita tano za mawese ni kama kilo nne na nusu. Zinahitaji kostiki gramu 600 na kidogo. Kwa nusu kilo itatoka laini, ya mafutamafuta. Haitakuunguza, ila pima kwanza. Una mizani?

Ndugu Mgeni
Mimi sina, ila jirani yangu ana bucha, ataniazima ya kwake.

Mama Sufuria
Ya bucha? Hiyo hata nyama haijawahi kuipima sawasawa.