Mwanaume kifua wazi dukani ruksa, mimi mabega tu nimezuiwa mlangoni!

Wakuu habari zenu, naandika nikiwa bado na hasira kwa hiyo maneno yakipinda mtanivumilia.

Leo mchana nimeenda supamaketi, shida yangu ilikuwa sabuni na betri za rimoti basi. Nimevaa blauzi isiyo na mikono na sketi imepita magoti. Nafika mlangoni mlinzi ananinyooshea kidole kwenye karatasi waliyobandika kwenye kioo, "MAVAZI YA HESHIMA TAFADHALI". Dada samahani, hayo mabega hapa hapana, jistiri kwanza. Nikamwambia kaka mbona watu wote wanavaa hivi, akasema yeye ameagizwa tu. Sikutaka kelele, nikatoa sweta kwenye mkoba nikavaa, na lile joto, nikaingia.

Sasa nipo kwenye friji za vinywaji nakuta jibaba zima kifua wazi. Na shati analo jamani! Amelitupia begani kama taulo. Jasho linamtiririka mgongoni mpaka kwenye mkanda wa kaptula, akauegemea mlango wa friji huku anachagua taratibu kama yuko sebuleni kwake, alipotoka pale kioo kimebaki na mchoro wa kifua na tumbo, mpaka kitovu unakiona kilipokuwa. Nikameza mate nikaenda zangu foleni. Mungu si Athumani, anakuja kusimama nyuma yangu, na foleni yenyewe haisogei, kila akigeuka anagusa kiwiko changu. Mnaujua ule ubaridi wa jasho la mtu usiyemjua? Sweta langu limelowa kwa jasho lisilo langu.

Nimemuuliza keshia kwa sauti ya chini, hivi huyu amepitaje? Naye akashusha sauti, "vumilia dada, huyo mteja wetu wa siku zote." Ahaa! Kumbe heshima yenyewe inapimwa kwa risiti.

Najua watakuja wa "ni joto tu dada, usikuze mambo". Joto nalijua, mimi ndiye niliyekuwa kwenye sweta! Na sina ugomvi na mwanaume kukaa kifua wazi ufukweni, uwanjani, au anabeba zege juani, hapo ni mahali pake na wala simwangalii mara mbili. Nasema dukani, ndani, tunapopishana kwenye vichochoro vya rafu vinavyotosha toroli moja na nusu.

Wengine watasema ni sheria ya afya. Hapana, nimekaa nimeifuatilia hii kwa hasira. Marekani wana lile bango lao maarufu la huna shati, huna viatu, huhudumiwi, lilishika kasi enzi za mahipi, wale vijana waliokataa desturi za wazee wao, miaka ya 1960 na 1970, na watu kibao huko wanaamini ni amri ya serikali kumbe hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mteja kuvaa shati, ni utaratibu wa mwenye duka mwenyewe. Kanuni za usafi kazi yake kubwa ni kumbana mfanyakazi anayeshika chakula. Na ile sheria yao ya haki za raia ya 1964 inakataza kumfukuza mteja kwenye mahoteli na migahawa na sehemu kama hizo kwa sababu ya rangi, dini au asili yake, nguo haimo. Kwa hiyo mwenye duka kuweka masharti ya mavazi ni haki yake, hilo sibishi. Ninachobisha ni kuyaweka halafu yawe ya jinsia moja!

Angalieni wenzetu wenye miji ya watalii. Barcelona walipiga marufuku 2011 kuzurura mjini na nguo za kuogelea au kifua wazi, Sorrento kule Italia wakafuata 2022 na faini mpaka euro 500, na hiyo ni barabarani, hata dukani hujafika. Na waliweka wote kapu moja, mwenye bikini na mwenye kifua wazi. Ukikasirika mnakasirika wote.

Wakati natoka nikamuuliza mlinzi, kaka yule bwana hukumuona? Akacheka. "Dada, yule si ni mwanaume?" Nikamrudisha kwenye karatasi yake, nikamwambia nionyeshe neno wanawake limeandikwa wapi hapa. Akaisoma, kweli aliisoma mpaka mwisho, maneno manne yale, halafu ananiambia hayo nikaongee na meneja. Meneja yuko wapi? Hayupo mpaka Jumatatu.

Sawa. Jumatatu nakwenda, na blauzi ni ile ile, sweta nimeshaloweka kwenye beseni.