Liki za majira ya baridi: Musselburgh au Bleu de Solaise? Naagiza mbegu wiki hii

KitaluChangu
Wakuu habari zenu. Nataka kuagiza mbegu za liki za kung'oa wakati wa baridi, nimebaki na aina mbili: Musselburgh na Bleu de Solaise. Kuna mtu kanitajia na King Richard, anasema inawahi. Nichukue ipi? Na nisie kwenye trei au moja kwa moja bustanini? Nina tuta moja tu, sina nafasi ya kujaribu-jaribu.

MamaRutuba
Karibu, ila mambo yote ya maana umetuficha. Baridi yenu inashuka nyuzi ngapi? Udongo ni mfinyanzi au kichanga? Hilo tuta msimu uliopita lilikuwa na nini? Na uko upande gani wa ikweta, maana Machi ya mmoja ni Septemba ya mwingine. Bila hayo tunapiga ramli tu.

JembeLaMkono
Musselburgh. Funga uzi.

MzeeSamadi
Usifunge bado, Jembe. Musselburgh ni ya Uskoti, ngumu kweli, nimeifukua chini ya theluji ikiwa nzima. Lakini sehemu yake nyeupe ni fupi na nene, anayetaka shina refu atanuna. Bleu de Solaise ni ya Ufaransa, majani yake yana ubuluu fulani, na baridi ikikaza yanageuka zambarau. Mimi hupanda hiyo, na sifichi kwamba nusu ya sababu ni rangi. Januari bustani haina kingine cha kutazama.

JembeLaMkono
Rangi hailiwi, mzee wangu.

KitaluChangu
Samahani, nilikuwa na haraka. Niko kaskazini. Baridi hufika -8, mara chache -12. Udongo ni mzito, mvua ikinyesha unanata kwenye jembe. Tuta lilikuwa na vitunguu maji.

MamaRutuba
Vitunguu maji! Nilijua kuna jambo. Kitunguu na liki ni ukoo mmoja na wanaambukizana magonjwa. Uliona kitunguu chochote chenye ukungu mweupe kama pamba kwenye kitako, na vichembe vyeusi ndani yake? Kama ndiyo, hilo tuta lisahau, maana vile vichembe hukaa ardhini hata miaka 20. Kama vilikuwa safi, bado mimi ningehamia palipokuwa na maharage.

UpepoWaKusi
Niseme kuhusu King Richard, maana nina kidonda nayo. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua pakiti kwa kupenda picha. Ikaota vizuri, ikarefuka kuliko za jirani, nami kila jioni napita hapo nikijisifu. Kufika Oktoba ilikuwa tayari, ndefu, laini. Badala ya kung'oa nikasema naziacha, si liki hizi, baridi itazifanya nini? Zikapita siku tatu mfululizo udongo unaganda usiku. Asubuhi ya nne nikashika moja nikavuta. Nikabaki na majani mkononi. Tabaka za nje zilibanduka kama karatasi iliyolowa, ndani ni ute mtupu, na harufu yake hadi leo ninayo puani. Nikakimbilia uma wa bustani niokoe zilizobaki. Udongo ulikuwa jiwe, mpini ukakatika. Mistari minne nimeokoa liki kumi na moja! Ndipo nikageuza pakiti nikasoma nyuma: ya kiangazi na vuli. Kosa langu, si la mbegu.

MzeeSamadi
Pole sana. Ndiyo maana hata zile ngumu mimi huzitandazia nyasi kavu kabla ya baridi kali. Liki yenyewe inavumilia, shida ni kuitoa ardhini.

KitaluChangu
Basi King Richard nimeiweka kando. Trei je?

MamaRutuba
Trei, tena usisie kwa kubananisha. Mbegu huchukua wiki mbili au tatu kuchomoza, na mche unatoka mwembamba kama uzi. Ukisia moja kwa moja, siku ya palizi utang'oa liki ukidhani ni nyasi. Subiri miche ifike unene wa penseli, kimo cha sm 20 hivi. Toboa shimo la sm 15 kwa mpini wa jembe, tumbukiza mche mmoja, jaza maji, na USIFUKIE. Udongo utajijaza taratibu wenyewe. Mche hadi mche sm 15, mstari hadi mstari sm 30.

JembeLaMkono
Na ukate ncha za majani na nusu ya mizizi kabla ya kupandikiza.

UpepoWaKusi
Kwa nini umjeruhi mche ambaye bado hajazoea shimo?

JembeLaMkono
Babu yangu alikata maisha yake yote na liki zake zilikuwa kama mkono wangu.

MamaRutuba
Babu hakuwahi kupanda mstari mmoja bila kukata akalinganisha. Mizizi ifupishe kama haiingii shimoni. Majani yaache, ndiyo jiko la mche.

JembeLaMkono
Tusimuingize babu.

UpepoWaKusi
Umemleta wewe!

NyukiMweusi
Nje ya mada kidogo. Ile saumu kubwa yenye punje kama ngumi ya mtoto, kumbe ni ndugu wa liki kuliko saumu. Spishi moja, Allium ampeloprasum.

JembeLaMkono
Usitudanganye.

NyukiMweusi
Ionje uone ilivyo pole.

MzeeSamadi
Kweli hiyo. Turudi kwa mwenye uzi: udongo wako ni mzito, na mashimo marefu kwenye mfinyanzi yanatuama maji. Hapo nakubali kwa shingo upande kwamba shina fupi la Musselburgh lina faida. Changanya mboji ya kutosha.

JembeLaMkono
Nimesema tangu mwanzo.

KitaluChangu
Asanteni nyote. Kabla sijaagiza, nimekuta droo ina pakiti ya mbegu za liki ya miaka minne. Inafaa?

MamaRutuba
Hiyo nayo ulikuwa unaificha! Mbegu za liki hazikai sana. Weka 20 kwenye karatasi yenye unyevu, mahali pa joto la kawaida, uhesabu zitakazoota.

KitaluChangu
Siku ya 16 leo. Zimeota tatu.

JembeLaMkono
Ni Musselburgh?

KitaluChangu
Jina limefutika.